Je, Wajua Kompaundi Hufanya Nini Juu ya Rangi ya Gari?

Aghalabu mwenye gari, akiziona alama nyembamba za mviringo zimejichora juu ya boneti jua linapolipiga, huamini kwamba kompaundi auziwayo dukani ni dawa ya kuziba, yaani huingia ndani ya mkwaruzo na kuujaza hata ukawa sawa na rangi iliyouzunguka. Na imani hiyo, ingawa ina wafuasi hata miongoni mwa mafundi, haina asili. Kompaundi ya kweli haizibi kitu. Kazi yake ni kuondoa: husaga rangi nzima iliyo kando ya mkwaruzo, mpaka uso wote ushuke ulingane na kina cha mkwaruzo ule, na hapo jicho halioni tena alama, kwa kuwa hakuna tena kingo za kuitawanya nuru.

Kwa hiyo yafaa tujue kwanza ni kitu gani kinachosagwa. Magari mengi yapandayo na kushuka vilima vya Machakos yalitumika kwanza Japani, yakashushwa bandarini Mombasa kabla ya kuuvuka umri wa miaka 8 ambao Kenya imeuweka kuwa mpaka, na rangi yake kwa kawaida ni ya matabaka: ya msingi iliyoshikana na bati, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi isiyo na rangi, ambayo mafundi huiita klia. Klia ndiyo yenye mng'ao, na ndiyo ikingayo rangi na ukali wa jua. Walakini, milimita moja ikigawanywa sehemu 1,000, unene wa klia itokayo kiwandani aghalabu ni baina ya sehemu 35 na 50 tu, ilhali unywele wa binadamu hukaribia sehemu 70. Huo ndio mtaji wote aliopewa mwenye gari, wala hauongezeki; kila kompaundi kali inapopita, humega sehemu kadhaa za mtaji huo, na fundi apendaye kung'arisha kila mwezi anamfilisi mteja wake huku akishukuriwa.

Ama mikwaruzo yenyewe, ni michache itokayo kwa miiba ya migunga au kwa funguo za watoto watundu. Iliyo mingi hufanywa na mwenye gari kwa mkono wake, apangusapo vumbi kwa kitambaa kikavu asubuhi kabla ya kwenda kazini. Na vumbi hilo lina mchanga ndani yake: miamba ya Ukambani, ambamo Machakos imo, ni ya kale mno, na mito yake ya msimu hukusanya mchanga, ule ule usombwao kwa malori kwenda kujengea Nairobi, ambao chembe zake nyingi ni kwatzi. Katika kipimo cha ugumu alichokiasisi Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, kianziacho 1 kwa talki na kukomea 10 kwa almasi, kwatzi hushika daraja la 7, na klia iko mbali sana chini yake.

Lakini chembe za kompaundi ni ngumu zaidi ya mchanga huo! Aghalabu ni oksidi ya alumini, jinsi moja na yakuti nyekundu ichimbwayo Mangari huko Taita, na daraja lake ni 9. Msomaji ana haki ya kuuliza imekuwaje kitu kigumu kuliko mchanga kikaponya jeraha la mchanga. Siri imo katika udogo: kompaundi nayo hukwaruza, tena hukwaruza pote, ila mikwaruzo yake ni midogo kiasi cha kulishinda jicho. Wachongaji wa Wamunyu, waliorithi ufundi wa kuchonga alioupata mwenzao Mutisya Munge huko Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, hawana haja ya kufundishwa jambo hili, kwani twiga wa mti hupigwa msasa wenye chembe kubwa, kisha mwororo, kisha mwororo zaidi, na kila msasa hufuta athari za uliotangulia. Kwa sababu hiyo anayetumia kompaundi kali na kuishia hapo huacha ukungu juu ya rangi, hasa iliyo nyeusi, akadhani amedanganywa dukani, kumbe ameacha kazi katikati.

Basi ichaguliwe ipi? Osha gari kwa maji mengi, kisha pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Usiponasa, na mkwaruzo ukipotea ukiwa umelowa maji na kurudi ukikauka, tumaini lipo. Anza na kompaundi nyororo kuliko zote, mahali padogo, kivulini, bati likiwa baridi, kwa maana jua la Machakos huikausha dawa kabla haijafanya kazi. Isipotosha ndipo upande daraja moja, na ukipanda sharti umalizie kwa ile nyororo. Mwenye Peugeot 504 ya zamani, ambayo rangi yake yaweza kuwa ya tabaka moja bila klia, asishtuke kitambaa kikitoka na rangi ya gari. Ila ajue kwamba hapo ni rangi yenyewe inayosagwa.

Ziko pia chupa zilizojaa mafuta na nta, ambazo hufunika mikwaruzo kwa hakika, na gari likaonekana jipya hadi nta ile itakapoondoka kwa kuoshwa. Si haramu kuzitumia, ila ni vema ujue umenunua nini, hasa ikiwa ni gari la kununua kwa mtu na limeng'arishwa jana.

Na ikiwa ukucha umenasa, usinunue kompaundi yoyote. Lipeleke gari kwa fundi wa rangi.