NYATI HANA MSWALIE MTUME! Wewe ungebeba bunduki gani?

Vijiweni mjini ubishi ni Simba na Yanga. Kwenye makambi ya uwindaji wa kitalii, kule Rungwa, Maswa au Selous, jioni moto ukishakolea na vikombe viko mkononi, ubishi ni bunduki na risasi. Na kama ule wa mpira, huu nao hauna refa.

Usicheke msomaji. Timu yako ikifungwa unalala na hasira tu, asubuhi unaenda kazini. Hawa wenzetu wakichagua vibaya, nyati ndiye anayemaliza mechi. Dume la nyati lina kilo 700 hivi, na likijeruhiwa lina tabia mbaya ya kuingia kichakani na kusubiri. Sasa nani anatangulia kumfuata? Si yule tajiri aliyelipa madola. Ni traka, kijana wa Kitanzania, kainamia nyayo na matone ya damu, mkononi hana hata manati. Kwa hiyo tajiri anaponunua bunduki kwa kufuata mbwembwe za dukani, anacheza na maisha ya mtu mwingine kabisa.

Tuanze na bunduki yenyewe. Wengi wao hubeba bunduki ya bolti, ile unayonyanyua mkono wa chuma, unavuta nyuma, ganda linaruka, unasukuma mbele, risasi nyingine inaingia. Baba wa hizi zote ni Mauser ya Ujerumani, toleo la mwaka 1898. Bunduki hiyo ina ukucha mrefu wa chuma ubavuni mwa bolti. Risasi ikichomoka tu kwenye magazini, ukucha unaidaka na hauiachii mpaka uitoe mwenyewe.

Ukucha huo ndio umegombanisha watu miaka nenda rudi. Kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa Model 70 mwaka 1936 ikiwa na ukucha wa namna hiyo, na wawindaji wakaipenda kama mke mdogo. Mwaka 1964 wakubwa wa kiwanda wakapiga hesabu, wakaona gharama zimezidi, wakaleta Model 70 mpya isiyo na ukucha ule. Weee! Wateja walichachamaa. Zile za kabla ya 1964 zikapanda bei kwenye mitumba, na mpaka leo muuzaji akikutamkia "ya kabla ya 64" ujue mfuko wako una kesi. Kiwanda kiliurudisha ukucha mwanzoni mwa miaka ya 90.

Je, zilikuwa kelele za bure? Kwa mtu anayewinda paa, naona ni kelele tu. Remington 700, iliyoingia sokoni mwaka 1962, haina ukucha mrefu na imeuzwa kwa mamilioni. Lakini weka nyati hatua kumi mbele yako. Mikono inatetemeka, unasukuma bolti nusu, unaivuta tena kabla haijafunga. Kwenye bunduki isiyo na ukucha, risasi ya kwanza inaweza kubaki chemba, ya pili inakuja kuigonga kisogoni, bunduki imekwama, nyati yuko njiani. Yenye ukucha ingeirudisha ile ya kwanza na kuitupa nje. Kwa mnyama anayerudisha mashambulizi mimi niko upande wa wazee: ukucha uwepo.

Haya, risasi. Hapa ndipo patamu.

Usitishwe na namba. Hiyo .375 ni upana wa kichwa cha risasi kwa inchi, yaani milimita 9.5. Wenye maskani wanaiita "three seven five", na hapa Tanzania ndicho kiwango cha chini kwa nyati na tembo. Mama yao ni .375 H&H Magnum, iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912. Kichwa chake kina gramu 19 na ushee, kinatoka mtutuni kwa mita karibu 770 kwa sekunde. Nguvu yake ni kama mara tatu ya risasi ya ile SMG unayoiona mabegani mwa askari. Na ganda lake limechongoka taratibu kama karoti, kwa hiyo linateleza kuingia chemba na kutoka bila kugoma hata kwenye joto kali. Bibi ana zaidi ya miaka mia na bado anacheza mduara.

Mwaka 2007 akaja binti mpya mjini. Kampuni ya Ruger, ikishirikiana na Hornady, ilileta .375 Ruger pamoja na bunduki ya bolti aina ya Hawkeye. Kichwa kilekile, kasi inayolingana au kuzidi kidogo, ila ganda ni fupi na nene. Maana yake haihitaji mashine ndefu ya gharama, inakaa kwenye bolti ya urefu wa kawaida. Bunduki inakuwa nyepesi na bei ya kueleweka, na ukucha upo. Vijana wakashangilia.

Wazee wakauliza swali moja tu: begi la risasi likipotelea uwanja wa ndege, je? Ndege inakushusha Kilimanjaro, bunduki imefika, risasi zimebaki Ulaya. Ukiwa na .375 H&H, unaweza kuazima kwa mwindaji bingwa wako au kambi ya jirani. Ukiwa na .375 Ruger, pole sana ndugu, umebeba fimbo ya bei mbaya. Mimi bunduki ile naipenda, lakini hoja hiyo sijasikia mtu akiijibu vizuri.

Kuna wale wa "kubwa ndiyo dawa". Hao uwapeleke kwenye historia ya .458 Winchester. Ilitoka mwaka 1956 kwa mbwembwe kubwa: kichwa cha gramu 32, kwenye bunduki ya bolti ambayo haikudai utajiri kama zile za mitutu miwili za Waingereza. Ikaenea Afrika nzima. Tatizo likawa tumboni. Baruti ilishindiliwa kwenye ganda fupi, na baadhi ya risasi zilizokaa muda mrefu baruti yake iliganda kama sukari yenye unyevu na kuungua vibaya. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi haikuonekana porini.

Mmarekani Jack Lott alikiona cha moto Msumbiji mwaka 1959. Alikuwa na .458 hiyo, nyati akamfikia na kumjeruhi vibaya. Alipona, akakaa akafikiri, na mwaka 1971 akatengeneza risasi yake kwa ganda refu zaidi: .458 Lott. Na ujanja wake ni kwamba bunduki ya Lott inakula pia ile .458 fupi, ukiishiwa. Siku hizi baruti zimeboreshwa na ile fupi nayo imetulia.

Halafu kuna Karamojo Bell. Huyu Mskochi aliwinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, akaua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi ya milimita 7, ambayo leo kisheria usingeigusa kwa tembo. Siri? Alijua ubongo ulipo, akiwa pembeni, mbele, hata kwa nyuma. Vijana wanamtaja kutetea bunduki ndogo. Jamani, Bell alikuwa Bell. Kumuiga ni sawa na kuendesha kama dereva wa mashindano wakati wewe si dereva wa mashindano.

Kitu ambacho wengi wanakisahau ni aina ya kichwa. Cha laini kinafunguka kama uyoga ndani ya nyama, kigumu kinapenya moja kwa moja. Kwa nyati kwenye kundi, kigumu kinaweza kumpita wa kwanza kikamjeruhi aliye nyuma yake, halafu mna nyati wawili wa kutafuta kichakani. Ndiyo maana wengi huanza na cha laini kilicho imara, wanafuatisha vigumu mnyama akishakimbia na kuwaonyesha kisogo.

Na teke! .458 inapiga bega kama punda. Mtu akishaumizwa mara mbili, ya tatu anafumba macho kabla ya kufyatua, na risasi inakwenda tumboni kwa mnyama. Ndiyo maana mgeni akifika kambini, kabla hajaonyeshwa hata swala, anapelekwa kupiga karatasi iliyobandikwa kwenye mti. Mwindaji bingwa hapo haangalii tundu kwenye karatasi peke yake, anaangalia kope za mteja. Zikifumba, lile bunduki kubwa linabaki hemani na anaazimwa .375. Traka naye huwa hayuko mbali, anatazama kimya.