Miongozo ya Upasuaji: Nani Kaiandika, kwa Ushahidi Gani? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza mwongozo wa tiba ni kitu gani: maelekezo yanayomwonyesha daktari, kwa ugonjwa fulani, la kufanya na la kuacha. Leo tunaingia kwenye swali gumu zaidi. Je, mwongozo wenyewe ukiwa mbovu? Daktari mzembe humdhuru mgonjwa aliyelala mbele yake. Mwongozo mbovu huwadhuru maelfu, tena kwa mikono ya madaktari waangalifu kabisa.

Kisa kimoja cha Ulaya kinatosha. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mgonjwa mwenye hatari ya moyo akipewa dawa za kupunguza mapigo, zile ziitwazo beta-bloka, muda mfupi kabla ya upasuaji mkubwa, moyo wake utahimili. Imani hiyo ilitegemea kwa sehemu kubwa tafiti za Don Poldermans wa Rotterdam, Uholanzi. Utafiti wake mashuhuri wa mwaka 1999 ulikuwa na wagonjwa 112 tu. Mwaka 2008 ukatoka utafiti mwingine, POISE, wenye wagonjwa zaidi ya 8,000. Huo ulionyesha kwamba dawa ilipunguza mshtuko wa moyo, lakini ikaongeza kiharusi na vifo. Pamoja na hayo, mwongozo wa chama cha madaktari wa moyo wa Ulaya uliotolewa 2009 uliendelea kuzipendekeza. Na mwenyekiti wa kamati iliyouandaa alikuwa nani? Poldermans mwenyewe.

Mwaka 2011 chuo chake kilimfukuza kazi kwa kukiuka maadili ya utafiti. Miaka miwili baadaye, wachambuzi wa Uingereza waliziweka kando tafiti zake na kujumlisha zile zisizotiliwa shaka. Wakakuta kwamba kuanza dawa hizo karibu na upasuaji kunaongeza vifo kwa asilimia 27. Mwongozo ulirekebishwa mwaka 2014. Waliojaribu kukadiria idadi ya waliokufa katika kipindi hicho wamebishana vikali, nami sitajitia humo. La kushangaza kwangu ni hiyo miaka mitatu ya kusubiri.

Ndiyo maana vipimo vya ubora wa miongozo, kama AGREE II cha mwaka 2010 chenye vigezo 23, haviishii kutazama maelekezo yenyewe. Vinauliza pia ushahidi ulitafutwa vipi, mwongozo utapitiwa upya lini, na wanakamati wana maslahi gani katika jambo wanaloliamulia. Bingwa hodari anaweza kuwa mwamuzi mbaya wa kazi yake mwenyewe.

Sasa turudi kwetu Afrika, ambako tatizo ni la namna nyingine. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji. Miongoni mwa mapendekezo yake ni kusafisha ngozi kwa klorohekisidini yenye spiriti, na kushona kwa nyuzi zilizopakwa triklosani, dawa ya kuua vijidudu. Vyote hivyo ni ghali kuliko iodini na nyuzi za kawaida, na ushahidi wake ulitoka zaidi katika nchi tajiri. Ndipo utafiti wa FALCON, uliochapishwa 2021, ukavipima kwa wagonjwa 5,788 wa upasuaji wa tumbo katika nchi saba, Rwanda ikiwemo. Haikuonekana tofauti. Mwaka uliofuata, utafiti wa ChEETAh katika nchi hizo hizo ukaonyesha kwamba timu ikibadilisha glovu na vifaa kabla ya kufunga tumbo, maambukizi hushuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16. Glovu safi zikafanya kile ambacho nyuzi za bei mbaya zilishindwa kukifanya.

Asiseme mtu kwamba thieta zetu hazina uwezo wa kutoa ushahidi. Hospitali ya Mtakatifu Francis, Ifakara, ilikuwa moja ya nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji, ambayo leo inatumika katika nchi nyingi.

Lipo na suala la lugha. Mwongozo unaosema "antibaiotiki itolewe ipasavyo" haujasema kitu. Unaosema dozi itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kisu, na isiendelezwe baada ya upasuaji, unaweza kufuatwa, na mkaguzi anaweza kuuhakiki. Bado zipo wodi ambako mgonjwa aliyefungwa mshono safi huchomwa sindano za kinga siku kadhaa, kwa mazoea tu.

Kwa hiyo, ewe tabibu, muuguzi au mkuu wa idara, uchukue mwongozo unaoutumia kazini, utazame kurasa za mwanzo: umeandikwa mwaka gani, na nani, kwa fedha za nani, ukitegemea wagonjwa wa wapi. Yasipokuwemo hayo, iandikie ofisi iliyoutoa uyadai. Sehemu ya tatu itahusu kwa nini hata mwongozo mzuri hubaki kabatini.