Ruta Isihukumiwe Kabla ya Kupimwa

Katika ofisi ndogo za Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, intaneti ikianza kukatakata, lawama zote hukiangukia kile kisanduku chenye taa zinazomeremeta juu ya kabati. Mtu hukichomoa kwenye umeme, husubiri kidogo, hukirudisha, na kazi huendelea hadi alasiri. Hali ikijirudia, mkuu wa ofisi hutoa fedha, ruta mpya hununuliwa, na haupiti muda mrefu kabla malalamiko yale yale hayajarudi. Nashikilia kwamba ruta nyingi huondolewa kwa kosa ambalo si lake, huku zile zinazostahili kweli kuondolewa zikiachwa miaka na miaka kwa sababu hazimsumbui mtu.

Kati ya kompyuta ya karani na tovuti anayoitaka kuna hatua tatu zinazoweza kuharibika kila moja kivyake: mawimbi ya waifai ndani ya ofisi, ruta yenyewe, na laini ya mtoa huduma pamoja na yote yaliyo mbele yake hadi baharini. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na kwa siku kadhaa watumiaji wa Tanzania, Kenya na nchi jirani wakabaki na intaneti ya kusuasua au wakakosa kabisa. Siku hizo ruta nyingi zilizimwa na kuwashwa bure. Kuzitenganisha hatua hizo hakuhitaji fundi. Kompyuta moja iunganishwe na ruta kwa kebo, si kwa waifai, kisha yafunguliwe madirisha mawili ya amri. Katika la kwanza iandikwe amri ya ping kwa anwani ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, katika la pili iandikwe hiyo hiyo kwa anwani ya mbali kama 8.8.8.8 ya Google. Kwenye Windows huongezwa -t ili isikome. Yaachwe hivyo hadi tatizo litokee. Ruta ikiendelea kujibu huku anwani ya mbali ikinyamaza, kuna uwezekano mkubwa kosa liko kwenye laini, na wa kupigiwa simu ni mtoa huduma. Zote mbili zikijibu vizuri kwa kebo huku walio kwenye waifai wakilalamika, tatizo liko hewani. Zote zikinyamaza kwa pamoja, hapo ndipo ruta inapoanza kushukiwa.

Na hata ikishukiwa, bado kuna swali moja: je, ilizimika au ilikuwa imewaka? Ruta nyingi huhesabu muda zilizokaa bila kuzimika, na hesabu hiyo huonekana kwenye ukurasa wa mipangilio. Ikiwa intaneti ilikatika saa nane mchana na hesabu inasema ruta imewaka kwa siku 40, basi haikuzimika. Ikisema dakika 7, na hakuna aliyeigusa, basi ilijizima na kujiwasha yenyewe, na mshukiwa wa kwanza ni umeme. Adapta ya volti 12 iliyochoka kwa kupanda na kushuka kwa umeme wetu hutosha asubuhi watu wakiwa wachache. Kazi ikipamba moto, volti hushuka na ruta huanza upya. Adapta ni rahisi kuliko ruta, mradi volti zilingane, ampea zisipungue, na kichwa chake kiwe na umbo lile lile na mpangilio ule ule wa chanya na hasi. Mshukiwa wa pili ni joto. Ruta nyingi za madukani zimeundwa kufanya kazi katika joto lisilozidi nyuzi 40 za Selisiasi, nasi huzifungia kabatini, chini ya mafaili, mwezi wa Februari. Wapo pia wahalifu wadogo wasioacha alama: ruta ya zamani iliyochomekwa chumba cha pili ili kuongeza waifai, nayo ikagawa anwani kwa fujo, au kebo moja iliyochomekwa ncha zote mbili kwenye swichi ile ile hadi mtandao mzima ukasimama.

Pingamizi linalosikika zaidi ni hili: nikiizima na kuiwasha inapona, basi ugonjwa umo ndani yake. Hoja hiyo ina mantiki, ila haitoshi. Kuwasha ruta upya hufanya mambo mengi kwa mpigo. Laini hujisajili upya kwa mtoa huduma, vifaa vyote hukatwa na kuunganishwa tena, na waifai huweza kuchagua chaneli nyingine. Tiba inayogusa hatua zote tatu haiwezi kuonyesha ipi iliyokuwa mgonjwa. Pale ambapo kisanduku cha faiba na ruta ni vitu viwili, jaribio bora ni kuzima kisanduku cha faiba peke yake na kuiacha ruta iendelee kuwaka. Mambo yakitengemaa, kuna uwezekano mkubwa ruta haikuwa na hatia.

Wengine watasema muda wa wafanyakazi ni ghali kuliko ruta, hivyo ni heri kununua tu. Ningekubali kama ununuzi ungemaliza tatizo. Lakini katika masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ruta yoyote ya kawaida hutumia, kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na katika jengo lenye ofisi ishirini kila ruta mpya huongeza kelele. Dawa ni kuhamishia kompyuta kwenye gigahezi 5, hata kama mawimbi yake hupenya ukuta wa tofali kwa shida, na kuvuta kebo hadi kwenye meza zisizohama. Vilevile ruta mpya huja na adapta mpya, kwa hiyo ofisi hupona kwa bahati na kuamini kuwa ilinunua kitu kilichohitajika.

Zipo sababu za haki za kununua. Ofisi inayolipia megabiti 200 kwa sekunde huku ruta yake ina milango ya megabiti 100 inapoteza nusu ya ilichokilipia. Sababu nyingine haijulikani sana. Mhasibu akipakia nakala za faili kwenda kwenye hifadhi ya mbali, simu ya video ya meneja hukwama ingawa kasi ya laini haijapungua. Ni kama lori la mchanga lililozuia pikipiki kwenye barabara nyembamba. Jim Gettys, mhandisi wa Marekani, aliueleza ugonjwa huu mnamo 2010 na 2011: vifaa huhifadhi foleni ndefu mno za data. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa kanuni ya kuzipunguza, iitwayo CoDel. Ruta yenye usimamizi wa foleni wa aina hiyo, ikiwekewa kikomo chini kidogo ya kasi halisi ya laini, hufanya kile ambacho kuongeza kifurushi mara nyingi hakufanyi. Anayenunua aulizie hilo kabla ya kuhesabu antena.

Sababu nzito kuliko zote haihusiani na kukatika. Mei 2018 ilibainika kuwa programu haribifu iitwayo VPNFilter ilikuwa imeingia katika ruta na vifaa vingine vya mtandao visivyopungua 500,000 katika nchi 54. FBI iliwataka watu wawashe ruta zao upya, lakini sehemu ya kwanza ya programu hiyo ilibaki hata baada ya ruta kuwashwa upya. Mei 2025 FBI ilionya tena kwamba wahalifu wanazivamia ruta za zamani ambazo watengenezaji wake wameacha kuzitolea masasisho. Ruta za namna hiyo huweza kufanya kazi bila kukatika hata siku moja. Geuza ruta yako, soma jina la modeli lililoandikwa chini yake, kisha tafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji kama bado inatolewa masasisho ya usalama. Kama mtengenezaji ametangaza kuwa ameacha, ibadilishe, hata kama haijawahi kukusumbua.