Daktari wa Kwanza wa Kike

Hapa Sengerema twawajua wanawake waliouficha uvimbe wa titi hadi dawa ikashindwa, kwa kuona haya mbele ya tabibu mwanamume. Ndiyo sababu twawapasha habari za Bibi Esther Mwaikambo. Yeye alianza kwa kazi ya uuguzi, kisha akaenda hata Moscow kusomea udaktari, akawa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kuwa daktari. Fani yake ni watoto. Lakini mtoto hauguzwi peke yake, nyuma yake yuko mama. Mwaka 1987 akaanzisha MEWATA, chama cha madaktari wanawake, nacho baadaye kikazunguka mikoani kupima matiti. Tena aliwahi kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Hubert Kairuki, kilichoanza mwaka 1997, akiwafunza matabibu. Sisi twaiona hiyo kuwa kazi yake kubwa zaidi, kwani daktari mmoja ana mikono miwili tu.

Basi, akina mama, uvimbe usiouma nao uonyeshwe upesi. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi li wazi. Aendaye Bugando hangoji tena pantoni.