Radi, Simba na Korongo: Wanyama wa Koo katika Nchi ya Chai

Kwenye koito, familia mbili za Kipsigis wa Kenya zinapokutana kuzungumzia mahari, hesabu ya ng'ombe haianzi mara moja. Wazee wa kijana wamekaa upande wao, wa binti upande wao, mursik, maziwa yaliyochachushwa, imeshamiminwa vikombeni, na mzee mmoja anajitambulisha: sisi ni ukoo fulani, tiondo wetu ni fulani. Tiondo ni mnyama wa ukoo. Wenye simba hutaja simba, wenye nyuki hutaja nyuki. Upande wa pili nao hujibu. Ikitokea kwamba ukoo ni mmoja na mnyama ni mmoja, mazungumzo huweza kufia hapo hapo, hata kama vijana wamependana tangu chuoni na picha zao zimeshaenea kwenye simu za ukoo mzima.

Anayesema mbele ya watu kuwa yeye ni wa simba hadai kwamba usiku huota makucha. Wala hataji nembo tu, kama ile ya klabu ya mpira. Anataja watu asioweza kuwaoa, watu anaoweza kubisha mlangoni kwao katika kijiji asichokijua, na kiumbe ambacho mkono wake haupaswi kukidhuru. Huko Ulaya na Marekani wapo watu ambao, kila mmoja kwa nafsi yake, hueleza kwamba ndani yao wanajihisi mbwamwitu au ndege, na wanatafuta namna ya kuishi na hisia hiyo kazini na nyumbani. Hisia hiyo huanzia moyoni mwa mtu mmoja. Huku Kericho na Bomet mnyama hutoka kwa baba, nawe unamkuta ameshakungoja kabla hujazaliwa. Hakuna anayekuuliza unajihisi vipi. Unaulizwa unawajibika kwa nani. Naamini tofauti hiyo ndiyo yenye sayansi ya kuvutia zaidi.

Orodha ya zamani iliyo kamili zaidi iliandikwa na Alfred Claud Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, katika kitabu chake kuhusu Wanandi kilichotoka mwaka 1909. Wanandi na Wakipsigis ni ndugu wa karibu, na koo nyingi zinapatikana pande zote mbili. Humo Talai ni simba. Kipkenda ni nyuki. Moi wana korongo mwenye taji, anayeitwa kong'ony, pamoja na nyati. Kipkoiitim ni tembo, Tungo ni fisi, Kipamwi ni paa mdogo wa vichakani, Kipiegen ni nyani. Kipasiso wana jua lenyewe, na hilo si jambo dogo kwa watu ambao jina lao la Mungu, Asis, lilifungamana na jua. Toiyoi wana siafu na radi. Mwaka 1939 John Peristiany alichapisha utafiti wake juu ya taasisi za kijamii za Wakipsigis, na maandishi ya Ian Orchardson, mlowezi aliyeishi miaka mingi Kericho na kuijua lugha, yalitoka kama kitabu mwaka 1961. Tangu hapo wasomi wameendelea kurudi kwenye swali moja: mnyama huyu ana kazi gani?

Jibu la haraka ni kwamba anazuia ndugu kuoana. Lina ukweli, lakini tulipime. Watoto wa ndugu wawili wa tumbo moja hushiriki kwa wastani sehemu moja ya nane ya jeni zao zilizotoka kwa babu na bibi wale wale. Wakishuka vizazi viwili zaidi, wajukuu wao hushiriki sehemu moja ya mia moja ishirini na nane. Watu wawili wa simba, mmoja wa Sotik na mwingine wa Londiani, ambao babu yao wa pamoja aliishi vizazi kumi vilivyopita, kwa upande wa damu ni kama wageni kabisa. Katazo linawahusu vilevile. Upande mwingine, watoto wa dada wawili walioolewa katika koo tofauti ni ndugu wa damu wa karibu mno, na kanuni ya tiondo ikiachwa peke yake haiwaoni. Ndiyo maana kuna kanuni nyingine zinazolinda upande wa mama. Kama tiondo angekuwa kipimo cha damu tu, angekuwa kipimo kibovu.

Tena damu yenyewe si mlango pekee wa kuingilia. Koo nyingi za Kipsigis husimulia asili yake kwa Wagusii, kwa Wamaasai au kwa Waogiek wa msituni. Watu walikuja wakikimbia njaa au vita, wakapokelewa, wakapewa mahali pa kuwa. Ipo pia ndoa ya kitunchi toloch, ambamo mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwenzake ili nyumba isizimike. Watoto wanaozaliwa humo ni wa ukoo wa mume wa yule mwoaji, hata kama mume huyo alikwisha kufa. Mtoto huyo ana tiondo kamili, na hakuna mzee atakayemwambia kwamba simba wake ni pungufu.

Kazi ya tiondo, basi, ni kusukuma watu nje. Anawalazimisha vijana kutafuta wenzi mbali, na kila ndoa hufunga koo mbili zilizokuwa zikitazamana kwa mashaka. Kwa nini hilo lilikuwa na uzito, inaonekana katika utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2018 na Tian Chen Zeng, Alan Aw na Marcus Feldman. Wanasayansi walikuwa wameona jambo la ajabu: kati ya miaka 7,000 na 5,000 iliyopita, aina za kromosomu Y, ile inayopita kutoka baba kwenda kwa mwana, zilipungua vibaya mno Afrika, Ulaya na Asia, hali urithi wa upande wa mama haukupungua hivyo. Makadirio ya mwaka 2015 yalikuwa kwamba kwa kila mwanamume mmoja aliyeacha uzao uliodumu palikuwa na wanawake kumi na saba. Zeng na wenzake walieleza kwamba chanzo kinaweza kuwa koo za upande wa baba kupigana. Wanaume wa ukoo mmoja hubeba kromosomu Y inayofanana, kwa hiyo ukoo ukifutwa, aina nzima hufutika pamoja nao, na wanawake huishia katika koo za washindi. Nikiusoma utafiti huo nayaona mazungumzo ya koito kwa jicho jingine. Ukoo ni chombo chenye makali, na kanuni ya kuoa nje ni ala yake.

Kati ya viumbe wote wa orodha ya Hollis, ninayemrudia zaidi ni radi. Hollis anaeleza kwamba ngurumo zilipozidi, watu wa Toiyoi walitwaa shoka, wakalipaka majivu ya mekoni, wakalitupa nje ya nyumba huku wakiiamuru radi inyamaze. Hawakuiogopa kama wengine walivyoiogopa. Waliisemesha kama mtu wa nyumbani. Na walikuwa mahali panapostahili ujasiri huo, kwa sababu milima ya Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi: makumi ya siku kwa mwaka. Upepo wenye unyevu hutoka Ziwa Viktoria mchana, hugonga miinuko yenye kimo cha mita elfu mbili hivi, hupanda kwa kasi, na kufika alasiri wingu limesimama kama mnara. Dakika kumi za mawe zinatosha kuchanachana majani machanga ambayo mkulima alitarajia kuyapeleka kituoni asubuhi.

Lakini kupanda kwa hewa pekee hakutoshi kutengeneza barafu. Tone safi la maji linaweza kubaki maji hata kwenye baridi ya nyuzi thelathini na kitu chini ya sifuri. Linahitaji kiini cha kushikilia ndipo ligande mapema. Mtafiti Russell Schnell alikuja kutafuta viini hivyo Kericho, na mwaka 1982 yeye na S. N. Tan-Schnell walichapisha walichokipata: viko chini ya michai. Majani makavu yanayooza kati ya mistari yana chembe zinazogandisha maji kwenye baridi ndogo tu, nyuzi chache chini ya sifuri, sifa inayofahamika kwa bakteria wanaokaa kwenye mimea. Wachumaji wanapopita, miguu yao hutimua vumbi hilo, na hewa ya mchana hulipandisha. Ina maana kwamba chai, iliyoletwa kama zao la biashara na makampuni ya Kiingereza katika miaka ya 1920, huenda inachangia yenyewe mawe yanayoipiga. Makampuni nayo yalijaribu kuisemesha mbingu kwa namna yake: kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 ndege zilirushwa zikimwaga iodidi ya fedha katika mawingu juu ya mashamba. Ndege zile na shoka lile la Toiyoi vilikuwa na shughuli moja, na kwa watu wa radi jamaa yao hajapungua hata kidogo tangu nchi igeuke kijani cha chai.

Wengine hawakubahatika hivyo. Simba hayuko tena Kericho. Yuko katika mbuga ya Maasai Mara. Nyuki yupo, ingawa mchai unaochumwa kila wiki moja au mbili hauachwi uchanue, na inambidi atafute maua mbali na mistari. Tembo bado wamo katika msitu wa Mau Kusini-Magharibi, nyuma ya mipaka ambayo mashamba yameisukuma mwaka hadi mwaka.

Na simba ana historia nyingine, ya watu wake. Talai walikuwa ukoo wa orkoiik, viongozi wa kiroho ambao ushauri wao ulitafutwa kabla ya vita na kabla ya mavuno. Wakoloni waliwaona kuwa chanzo cha ukaidi. Mwaka 1934 ilitungwa sheria ya kuwaondoa, na takriban watu 700, wazee, wanawake na watoto wachanga, wakapelekwa Gwassi kando ya Ziwa Viktoria, mahali penye mbung'o na malaria. Sheria haikuuliza nani alifanya nini. Iliuliza nani ni wa ukoo gani. Utambulisho ambao kwenye koito hufungua mlango wa undugu, ukawa hati ya kufukuzwa, na waliorudi kuelekea uhuru hawakukuta ardhi yao ikiwasubiri. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza kuhusu madhila ya Wakipsigis na Watalai, na mwaka 2022 shauri likapelekwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Anayedhani kwamba mnyama wa ukoo ni hadithi ya kuburudisha watoto na asikilize familia hizo.

Sasa korongo. Mwaka 1997 Johan Colding na Carl Folke walikusanya mifano 70 ya miiko ya kijamii inayokataza kuguswa kwa kiumbe fulani, kutoka sehemu mbalimbali za dunia, wakakuta kwamba karibu asilimia 30 ilihusu viumbe vilivyo hatarini. Miiko hiyo haikuwekwa na mabwana nyika. Ilikuwa ikifanya kazi bila mshahara na bila uzio. Korongo mwenye taji aliwekwa mwaka 2012 katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka, baada ya idadi yake barani kupungua kwa zaidi ya nusu katika miongo michache, na hesabu ya nchi nzima iliyofanywa Kenya mwaka 2019 ilipata korongo wasiofika elfu kumi.

Hauawi kwa mkuki, na hapo ndipo mwiko wa zamani unapokwama. Kong'ony hujenga kiota chake chini, katikati ya majani marefu ya bwawa, hutaga mayai mawili au matatu, na dume na jike hupokezana kuyalalia kwa takriban mwezi mmoja. Bwawa likikauka, ng'ombe na mbwa huyafikia. Na mabonde ya Kericho na Bomet yanakauka kwa sababu inayofahamika na kila mkulima: viwanda vya chai huchoma kuni kukausha majani, mikaratusi hukua upesi na ina soko, na mahali inapokua upesi kuliko pote ni bondeni penye maji, ambayo huyanywa bila kusaza. Mtu wa Moi anaweza kuishi maisha yake yote bila kumdhuru korongo hata mmoja, na papo hapo akapanda ekari nzima ya mikaratusi juu ya viota vyake.

Mwiko ulioandikwa na Hollis ulihusu mkono na mnyama. Wakati ule bwawa halikuhitaji kutajwa kwa sababu lilikuwepo tu. Kuupanua hadi bwawani hakuhitaji sheria mpya ya bunge. Koo zina mikutano, zina wazee wanaosikilizwa kuhusu ndoa na urithi wa mashamba, na siku hizi zina vikundi vya simu vyenye mamia ya watu, vingi vikiwa na picha ya mnyama wao juu kabisa. Uganda, ambako korongo huyu ni nembo ya taifa, koo za Baganda hushindana kandanda kila mwaka, na watu hujaa uwanjani kushangilia nyati, paa au kambare-mamba wao. Wanyama wa Kipsigis wana watu wa namna hiyo hiyo. Watu wa Moi wenye mashamba bondeni wakikubaliana kuhamishia mikaratusi yao kwenye miteremko mikavu na kuacha hatua thelathini za nyasi kila upande wa kijito, ndani ya misimu michache ya mvua wataweza kuhesabu wenyewe ni viota vingapi vimerudi.