Unataka kusoma kilimo chuoni? Fahamu utakachofundishwa na kazi utakazoweza kufanya

- Aliyemaliza kidato cha nne hutumia miaka mitatu kufikia stashahada.
- Ajira ya Serikali ni mlango mmoja, ipo mingine ambayo wengi hawaifikirii.
- Kabla ya kuchagua chuo, anza na zao au kazi unayoitaka.

Dar es Salaam. Ukimwambia mzazi wako unataka kwenda chuo kusomea kilimo, usishangae akikuuliza: “Kwani jembe nalo linasomewa?”

Usimcheke. Ada italipwa kwa miaka mitatu, pengine kwa kuuza mahindi au ng’ombe, na nyumbani wanataka kujua ukirudi na cheti utafanya kazi gani.

Shida ni kwamba wengi huingia chuoni na picha moja tu kichwani: kuwa afisa ugani wa Serikali. Wakihitimu, wanakaa nyumbani kusubiri tangazo la ajira huku ujuzi ukipoa. Ukijua mapema kozi hii inafungua milango gani, unaweza kujiandaa tangu mwaka wa kwanza.

Safari ya darasani ikoje?

Kwa utaratibu wa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), mhitimu wa kidato cha nne huanzia ngazi ya 4, kisha ya 5, na kumalizia ya 6 ambayo ndiyo stashahada. Kila ngazi huchukua mwaka mmoja.

Kigezo cha msingi ni ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini. Kwa kilimo, masomo ya sayansi kama baiolojia na kemia yana uzito, hivyo soma mwongozo wa udahili wa mwaka husika kabla ya kuomba.

Unafundishwa nini ambacho mkulima hakijui?

Chukulia mahindi. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo, mmea mmoja kila shimo, ekari moja inabeba takriban mimea 18,000. Anayekadiria kwa macho anaweza kuwa na pungufu sana ya hapo na asijue, huku mbegu na mbolea ameshanunua.

Mahindi yakishaota, wadudu nao wanakuja. Viwavijeshi vamizi, walioripotiwa nchini mwaka 2017, hujificha ndani ya moyo wa mhindi. Mtaalamu hufundishwa kukagua shamba mapema na kupiga dawa viwavi wakiwa bado wadogo. Ukichelewa, unamwaga hela.

Kazi haiishii kwenye mavuno. Mahindi yanatakiwa kukaushwa hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhiwa, la sivyo yanaweza kupata sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kwa hiyo ndiyo, jembe linasomewa. Pamoja nalo unasoma udongo, mbegu, maji, magonjwa ya mimea, hesabu za gharama na namna ya kuzungumza na mkulima aliyeanza kulima kabla hujazaliwa.

Milango ya kazi

Serikalini: Mwenye stashahada anaweza kuomba nafasi ya afisa kilimo msaidizi, ambaye kwa kawaida hufanya kazi kwenye kata au kijiji. Nafasi hizi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Ushindani ni mkubwa, hivyo usiifanye kuwa tegemeo lako pekee.

Mashamba makubwa: Miwa, chai, maua, mboga na parachichi vyote vinahitaji wasimamizi wa shamba. Hapa bosi hataangalia cheti tu, ataangalia kama unaweza kusimamia vibarua, kutunza kumbukumbu na kutambua ugonjwa kabla haujasambaa.

Mbegu: Kampuni za mbegu huhitaji watu wa kusimamia mashamba ya uzalishaji. Wapo pia wahitimu wanaozalisha wenyewe, kwa kufuata masharti ya Taasisi ya Uthibiti wa Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI).

Duka la pembejeo: Mkulima wa nyanya akija na jani lililoliwa na kantangaze, anataka muuzaji anayejua tatizo, si anayejua bei tu. Ili kuuza mbegu unahitaji kutambuliwa na TOSCI, na kwa viuatilifu unahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA).

Shamba lako: Hata ekari moja ya kukodi inaweza kuwa kazi na shamba darasa kwa wakati mmoja. Majirani wakiona mavuno, watakuja kuuliza, na huo ndio mwanzo wa kulipwa kwa ushauri.

Anayetaka kusonga mbele kielimu anaweza kuendelea na shahada, ikiwemo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mkoani Morogoro.

Chagua chuo kwa kuangalia zao

Vyuo vya kilimo havifanani. Tengeru, Arusha, inajulikana kwa mboga, matunda na maua. Igurusi, Mbeya, inajulikana kwa umwagiliaji. Chuo cha KATC Moshi kimejijengea jina kwenye mpunga, na kilichopo Kidatu, Morogoro, kwenye miwa na sukari.

Kabla ya kulipa ada, uliza mambo matatu: chuo kina shamba la mafunzo linalolimwa kweli? Mafunzo kwa vitendo ni ya wiki ngapi? Na wanafunzi hupelekwa wapi?

Kuhusu fedha, kilimo na mifugo ni miongoni mwa maeneo ya kipaumbele yaliyoingizwa kwenye mikopo ya stashahada ya Bodi ya Mikopo (HESLB) ilipoanza mwaka 2023/24. Fuatilia tangazo la kila mwaka ujue vigezo.

Kisha rudi kwa mzazi wako. Usimwambie tu kwamba unakwenda kusoma kilimo. Mwambie ni zao gani, chuo gani, na ukimaliza utaanza na kazi ipi wakati unasubiri nyingine.