Mzizi wa Neno na Kazi ya Kutafuta: Nafasi ya Kiswahili katika Shahada ya Sayansi ya Taarifa

1.0 Utangulizi

Katika tasnifu nyingi za Kiswahili, mapitio ya kazi tangulizi hufungwa kwa tamko kwamba mada husika bado haijatafitiwa vya kutosha. Tamko hilo, ambalo wanataaluma huliita pengo la utafiti, ndilo linaloihalalisha kazi nzima. Mtahini hulipokea kwa kuamini kwamba mtafiti alitafuta na hakupata. Hata hivyo, kutopata kuna sababu mbili zisizofanana: huenda kazi haipo, na huenda ipo lakini chombo cha kutafutia hakikuifikia. Makala haya yanashughulikia sababu ya pili. Yanaifuatilia hadi mahali inapopaswa kufundishwa, yaani katika somo la kuorodhesha na kutafuta taarifa, ambalo ni mhimili wa shahada ya sayansi ya taarifa.

Hoja inayotetewa ni kwamba kanuni kuu za somo hilo zilijengwa juu ya umbo la neno la Kiingereza, na kwamba mwanafunzi ambaye hajawahi kuzijaribu juu ya matini ya Kiswahili huhitimu akiwa na nusu ya ujuzi anaouhitaji kazini. Kuhusu jina la taaluma yenyewe, wapo wanaosema sayansi ya habari. Makala haya yanatumia taarifa, kwa kuwa mzazi akiambiwa kijana wake anasomea habari hudhani anakwenda kuandikia magazeti.

2.0 Asili ya Kanuni Zinazofundishwa

Mafunzo ya ukutubi katika Afrika Mashariki yalipata makao rasmi mwaka 1963, ilipoanzishwa Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki katika Makerere kwa ajili ya nchi zote za eneo hili. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianzisha kitivo cha sayansi za taarifa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina programu yake. Mada zinazofundishwa zinafahamika: uorodheshaji, uainishaji, utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka, hifadhidata, tabia za watumiaji, na utafutaji wa taarifa. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na mifano nayo ni ya Kiingereza.

Kasoro za uainishaji zimeshajadiliwa sana, kwa hiyo hazihitaji kurefushwa hapa. Mfumo wa Melvil Dewey, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1876, unaupa Ukristo sehemu kubwa ya namba za 200 huku Uislamu ukiwa chini ya 297. Lugha za Afrika zimesongamana chini ya 496, ambamo Kiswahili kimepewa 496.392. Mwanafunzi huliona tatizo hili mapema kwa sababu linaonekana kwa macho: anasimama mbele ya rafu na kukuta fasihi ya bara zima ikigombania nafasi moja. Tatizo la utafutaji ni gumu zaidi kutambulika. Rafu isiyo na kitabu huonekana, ilhali matokeo ya utafutaji yaliyopungukiwa na tasnifu kumi hayaonyeshi kwamba yamepungukiwa.

Kipimo cha utafutaji bora kinachofundishwa hadi leo kinatokana na majaribio ya Cyril Cleverdon katika Chuo cha Usafiri wa Anga cha Cranfield, Uingereza. Katika awamu ya pili, iliyofanyika miaka ya 1960, zilitumika nyaraka 1,400, nyingi zikihusu mwendo wa hewa kwenye vyombo vya angani. Vilipimwa viwango viwili: ukamilifu, yaani sehemu ya nyaraka zinazohitajika iliyopatikana, na usahihi, yaani sehemu ya nyaraka zilizopatikana ambayo kweli inahitajika. Matokeo yaliwashangaza wakutubi wa wakati ule. Faharasa ya maneno mamoja mamoja, yalivyoandikwa na waandishi wenyewe, ilifanya vizuri kuliko misamiati iliyodhibitiwa kwa jasho kubwa, hasa pale maumbo mbalimbali ya neno lilelile yalipounganishwa.

Matokeo hayo yana sharti lisilotamkwa: kwamba ni rahisi kujua neno moja ni lipi. Katika Kiingereza sharti hilo kwa kiasi kikubwa linatimia, kwani neno hubadilika mwishoni na mwanzo wake hubaki. Kwa sababu hiyo, kanuni ya kukata viambishi aliyoichapisha Martin Porter mwaka 1980, ambayo hufundishwa karibu kila mahali, hushughulikia mwisho wa neno peke yake.

3.0 Neno Linalobadilika Mbele

Tuchukue mtafiti anayetafuta tasnifu kuhusu wakulima. Akiwa na matini ya Kiingereza, mkutubi humfundisha kuandika herufi za mwanzo za neno na kumalizia kwa alama ya nyota, na maumbo yote yenye mwanzo huo hujitokeza. Katika Kiswahili dhana hiyohiyo huja kama mkulima, wakulima, kilimo, ukulima, kulima, wanaolima, hulimwa, yaliyolimwa. Maneno hayo manane huanza kwa herufi m, w, k, u, h na y. Katika faharasa iliyopangwa kialfabeti yametawanyika kila upande, na hakuna nyota ya mwishoni inayoweza kuyakusanya.

Jibu la haraka ni kuihamishia nyota mbele. Hapa vipo vikwazo viwili. Cha kwanza ni cha kiufundi: faharasa ya kompyuta hupangwa kuanzia herufi ya kwanza, na ulizo linaloanza kwa nyota huilazimisha mashine kupitia orodha nzima, ndiyo maana programu kadhaa za utafutaji hulikataa ulizo la namna hiyo zisipoelekezwa vinginevyo. Cha pili ni cha kiisimu, nacho ndicho kizito. Nyota ikiwekwa mbele ya lima, kilimo kinabaki nje, lakini mlima na kilima vinaingia. Nyota zikiwekwa pande zote mbili za lim, kilimo kinaingia, na pamoja nacho elimu, mwalimu, ulimi, limau, ulimwengu na Kilimanjaro. Katika hazina ya chuo ambamo tasnifu za elimu ni nyingi, mtafiti wa kilimo atapewa walimu wote wa nchi kabla ya kumwona mkulima mmoja. Ukamilifu umepatikana kwa kuusahau usahihi.

Tatizo hili si geni kwa watunga kamusi. Frederick Johnson, katika kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotoka mwaka 1939, aliyaweka maneno mengi yaliyonyambuliwa chini ya vitenzi vyake, kwa hiyo msomaji wa mwandishi ilimlazimu kwenda kwenye andika. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilizipa nomino za namna hiyo nafasi zao wenyewe, na kwa sababu hiyo kurasa za herufi M zimekuwa nene kupita kiasi. Utaratibu wa kwanza unamsaidia anayeijua sarufi. Wa pili unamsaidia anayelijua neno kama lilivyo. Hiyo ni mada kamili ya sayansi ya taarifa, inayogusa uamuzi juu ya kiingizo, kielekezi na mahitaji ya mtumiaji. Kuiachia idara ya isimu peke yake ni kuwanyima wanafunzi wa taarifa mfano bora walio nao mikononi.

4.0 Hatari ya Kukata Bila Kujua

Mwanafunzi mwenye ari, akishaliona tatizo, huandika programu ya kuondoa viambishi awali: m-, wa-, ki-, vi-, ma-, u- na vinginevyo. Kazi za namna hii hufaa sana kama mradi wa mwaka wa mwisho, na nyingi zinastahili sifa. Lakini programu isiyo na kamusi ndani yake hukata hata pasipo na kiambishi. Kitabu, neno lenye asili ya Kiarabu ambamo ki- ilikuwa sehemu ya mzizi kabla Kiswahili hakijaliingiza katika ngeli ya KI-VI, hubaki tabu. Na mtafutaji wa vitabu huletewa tasnifu kuhusu tabu za wakimbizi. Madini hugeuka dini. Wakati hugeuka kati. Waziri hupoteza wa- na kubaki ziri, ilhali mawaziri hupoteza ma- na kubaki waziri, hivyo umoja na wingi wa neno lilelile, ambao ulikuwa ndio uunganishwe, unazidi kutengana.

Upande wa vitenzi una mitego yake. Hawakukichapisha lina kikanushi, nafsi, njeo, yambwa, mzizi, kiambishi cha usababishi na kiishio, vyote katika neno moja la maandishi. Programu ikikata hadi chapisha, imefanya kazi nzuri. Ikiendelea na kuondoa -ish-, inabaki na chapa, na mchapishaji wa vitabu anawekwa pamoja na mzazi anayemchapa mwanawe. Hakuna kanuni ya jumla inayoamua mahali pa kusimama. Uamuzi unategemea kama neno lililonyambuliwa limeshapata maana yake lenyewe. Zaidi ya hayo, kikanushi kimetupwa. Katika Kiingereza ukanushi ni neno linalojitegemea, na mhandisi anaweza kuamua kulihifadhi. Katika Kiswahili hutoweka pamoja na viambishi vingine bila mtu kuuona.

Athari nyingine ni ya kihesabu. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones alionyesha kwamba neno linalopatikana katika nyaraka chache linastahili uzito mkubwa kuliko linalopatikana katika nyaraka nyingi. Wazo hilo limebaki kuwa msingi wa kupanga matokeo ya utafutaji. Linapotumiwa juu ya Kiswahili kisichochanganuliwa, huleta upotoshaji ambao vitabu vya kiada havina sababu ya kuutaja: umbo kama walivyokichapisha huweza kutokea mara moja tu katika hazina nzima, likapewa uzito wa juu kabisa, si kwa sababu dhana yake ni adimu bali kwa sababu mchanganyiko wa viambishi vyake ni adimu. Kwa upande mwingine, kihusishi cha umilikishi huja kama wa, ya, la, cha, vya, za, pa, kwa na mwa, na kila umbo huhesabiwa kana kwamba ni neno tofauti. Orodha ya maneno ya kuachwa iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza haiwezi kuyanasa yote.

5.0 Vyombo Vilivyopo na Nafasi ya Mtaala

Uchanganuzi sahihi unahitaji kamusi ya mizizi pamoja na kanuni za mofolojia zinazofanya kazi kwa pamoja. Kazi hiyo imefanyika, ingawa mbali na pwani. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alieleza mwaka 1992 jinsi mofolojia ya ngazi mbili, iliyobuniwa na Kimmo Koskenniemi mwaka 1983 kwa ajili ya Kifini, inavyoweza kukichanganua Kiswahili. Kutokana na kazi hiyo ulikua mfumo wa SALAMA, na chuo hicho kina Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo toleo lake la pili lina maneno yapatayo milioni 25. Si ajabu kwamba msaada ulitoka Ufini. Kifini nacho ni lugha ya viambishi vingi, na wanataaluma wake walilazimika mapema kuacha kuyachukua mazoea ya Kiingereza kuwa sheria ya lugha zote.

Kinachokosekana ni daraja kati ya vyombo hivyo na darasa la sayansi ya taarifa. Daraja hilo halihitaji fedha nyingi. Wanafunzi wa mwaka wa pili wakipewa ikisiri 30 za tasnifu za Kiswahili, waamue kwa mikono ni zipi zinajibu maulizo kumi, kisha wapime ukamilifu na usahihi wa utafutaji wa kawaida, wa programu inayokata viambishi bila kamusi, na wa mchanganuzi wenye kamusi, watakuwa wameyarudia majaribio ya Cranfield kwa kiwango cha darasa. Watakuwa pia wameanza kujenga mkusanyiko wa majaribio ambao waliowafuata wataweza kuupanua. Zoezi la mikono lisirukwe: ndilo linalomfanya mwanafunzi abishane na mwenzake kama tasnifu kuhusu ushairi wa wakulima inamhusu anayetafuta kilimo.

Kwa upande wa hazina za kidijitali, kuna hatua ambazo hazingoji programu mpya. Sehemu ya lugha katika kumbukumbu ya tasnifu ijazwe msimbo wa Kiswahili, sw au swa, badala ya kuachwa na msimbo wa Kiingereza uliowekwa tangu mwanzo. Bila hivyo hata mchanganuzi bora hatajua aanzie wapi. Maneno muhimu yaandikwe kwa umoja na kwa wingi, pamoja na nomino dhahania na kitenzi cha dhana kuu. Mwandishi wa tasnifu kuhusu wakulima anayeandika mkulima, wakulima, kilimo na kulima anafanya kwa dakika mbili kazi ambayo mashine bado inaisumbukia. Majina ya waandishi nayo yanahitaji kielekezi, kwa kuwa kwa Waswahili wengi jina la mwisho ni la baba au la babu, na mtu anayejulikana kwa jina lake la kwanza hupotea akiorodheshwa chini ya la tatu peke yake.

Mtahini kwa upande wake ana njia ya kulipima tamko la pengo la utafiti. Badala ya kuridhika na orodha ya hazina zilizopekuliwa, anaweza kudai kiambatisho kinachoonyesha maulizo yenyewe: ni maumbo yapi ya neno yaliyoandikwa, katika hazina ipi, tarehe gani, na kila umbo lilileta tasnifu ngapi. Mtahiniwa aliyetafuta wakulima pekee atajulikana kwa kuusoma mstari mmoja tu wa kiambatisho hicho.